Usiuziwe Kimeo: Hesabu na Sayansi ya Kununua Gari Tunduma

Malipo ya kahawa yakishatoka Mbozi, au mpunga wa Kamsamba ukishauzwa, kuna mtu atafunga safari mpaka Tunduma na milioni zake kumi kutafuta gari. Dalali atampokea kwa maneno yale yale: "Injini haijaguswa, gari haidai, njoo na fundi wako." Inawezekana ni kweli. Shida ni kwamba hata mwenye kimeo anasema hivyo hivyo.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu jambo hili hili, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni nyepesi. Tuseme sokoni kuna magari kumi: matano mazima ya thamani ya milioni 12, na matano vimeo ya milioni 4. Wewe huwezi kuyatofautisha, kwa hiyo unaona salama kutoa wastani, milioni 8. Mwenye gari zima anakataa, analirudisha nyumbani. Mwenye kimeo anakubali haraka haraka. Ukiendelea hivyo, sokoni vinabaki vimeo tu.

Kwa maneno mengine, muuzaji anajua asichokijua mnunuzi, na pengo hilo ndilo linalokula pesa yako. Kununua kwa akili ni kulipunguza kabla hujatoa hata shilingi.

Herufi ya namba haisemi umri

Mtaani tunasifia "namba D" na "namba E" kana kwamba ni umri wa gari. Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari lililotengenezwa 2004 likaingia nchini 2019 lina namba D, wakati tayari lina miaka 15.

Angalia namba ya chesisi. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, sehemu ya mwanzo inataja aina ya gari. Toyota IST ya kwanza, kwa mfano, ikianza na NCP60 ina injini ya cc 1,300. NCP61 ni cc 1,500. Namba iliyogongwa kwenye bodi, iliyo kwenye kibati na iliyo kwenye kadi lazima zifanane zote. Ukiona alama za kusugua au kuchomelea karibu na namba hiyo, ondoka.

Kilomita za kwenye dashibodi zipigie hesabu pia. Gari la miaka 15 linalosoma 60,000 limetembea kilomita 4,000 kwa mwaka, yaani kama 11 kwa siku. Inawezekana. Lakini kama raba ya pedeli ya breki imelika na usukani umekuwa laini, amini pedeli.

Fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike, kisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini. Injini iliyopata moto huficha magonjwa mengi.

Moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda, mara nyingi kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za valvu kuchoka. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Moshi mweupe unahitaji subira: asubuhi za baridi za Juni na Julai huku kwetu, mvuke kwenye ekzosi ni kawaida na hupotea baada ya dakika chache. Usipopotea, na maji ya rejeta yanapungua, huenda maji yanaingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta kitu kama chai ya maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi.

Hakikisha fundi umemchagua na kumlipa wewe. Fundi anayesubiri chochote kutoka kwa dalali hapunguzi lile pengo, analiongeza.

Gari rahisi la mpakani

Tunduma ina mtego wake. Magari mengi yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam hupita hapa kwenda Zambia na Kongo. Hayo ni ya transiti. Hayajalipiwa kodi ya Tanzania. Mtu akikunong'oneza kwamba lipo moja la "bei ya kutupa", au lenye namba za Zambia, jua unafuu huo umetoka wapi. Gari lililotumika hulipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, na likiwa limezidi umri uliowekwa kuna nyongeza ya uchakavu. Jumla yake inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Kitumie kabla ya kuamini hadithi.

Forodha wakilikamata, unapoteza gari, na pesa uliyotoa huioni tena.

Bei halisi ni ya miaka mitano

Tuseme unatembea kilomita 12,000 kwa mwaka, na petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Gari la kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 800, sawa na milioni 2.4. La kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 1,200, sawa na milioni 3.6. Tofauti ni milioni 1.2 kwa mwaka, milioni 6 kwa miaka mitano. Weka bei ya EWURA ya mwezi huu kwa Tunduma, upige upya.

Ila usikimbilie injini ndogo kuliko zote. Tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Gari la cc 1,000 litakutosha mjini, lakini likibeba watu watano na magunia kupanda milima ya Ileje, utalikanyaga mpaka mwisho, na unafuu wa mafuta utapungua.

Kabla ya kutoa pesa

Kagua mtandaoni kama gari lina deni la faini za barabarani. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha muuzaji. Andikianeni mkataba mbele ya mwanasheria, kisha mbadilishe umiliki TRA mara moja. Usikubali "tutabadilisha baadaye".

Na kama una milioni kumi, tafuta gari la nane na nusu. Hiyo moja na nusu ni ya uhamisho, bima, matairi, na ile hitilafu ambayo wewe na fundi wako hamkuiona.