Sahihi Iliyotiwa kwa Kubanwa

Tumfikirie mama mmoja wa huku kwetu Wazo, akaaye chini ya kilima kinachochimbwa mawe ya saruji. Kazi yake ni kukaanga samaki na kuwauza. Mtoto wake aliugua ghafula, naye akamwendea mkopeshaji wa mtaani akapewa shilingi laki tatu. Mwezi ulipokwisha hakuwa na cha kulipa. Jioni mkopeshaji akaja na vijana wawili wenye nguvu, akaketi barazani, akatoa karatasi, akasema, "Tia sahihi hapa, ama vyombo vyako vyote vyatoka usiku huu." Karatasi ilisema ya kuwa mama amemwuzia kiwanja chake kwa deni lile. Mama akatia sahihi. Je, kiwanja kimekwenda?

Wengi watajibu upesi, "Kimekwenda, maana ametia sahihi mwenyewe." Wengine watasema, "Karatasi ile si kitu, na aitie motoni." Wote wawili wamekosa, na huyu wa pili atamponza mama kuliko wa kwanza.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, yataka watu wanaopatana wawe wamekubali kwa hiari. Sheria hii ilitungwa mwaka 1961, na maneno yake mengi yametoka katika sheria ya Uhindi ya mwaka 1872, iliyotumika huku zamani za utawala wa Waingereza. Yasema ya kuwa mtu akikubali kwa kushurutishwa, au kwa kusukumwa na mwenye nguvu juu yake, au kwa kudanganywa, mkataba waweza kutanguliwa kwa kupenda kwake aliyeonewa. Angalieni neno hili, waweza kutanguliwa. Haukufa wenyewe. Unasimama mpaka aliyeonewa ainuke na kuukataa.

Kushurutishwa ni kutishwa kwa tendo lililokatazwa na sheria, au kuzuiliwa mali yako pasipo haki. Mkopeshaji akisema, "Nitakupeleka mahakamani," hajamshurutisha mtu, maana mahakama ni haki yake. Lakini kubeba vyombo vya watu usiku pasipo amri ya mahakama ni jambo jingine kabisa. Na hao wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, wajitazame.

Nguvu ya mkubwa juu ya mdogo ni jambo lililofichika zaidi, kwa kuwa pengine hapana kitisho wala kelele. Baba aweza kuwa nayo juu ya mwana, tabibu juu ya mgonjwa aliyedhoofika. Sheria ile ya Uhindi ilitoa mfano wa mkopeshaji wa kijiji: mdeni wake akija kukopa tena kwa masharti ya kuchukiza, ni juu ya mkopeshaji kuthibitisha kwamba hakuitumia nguvu yake kumbana. Nasi kwetu ndivyo. Ikiwa mtu ana uwezo wa kuutawala moyo wa mwenzake, na mapatano yenyewe yaonekana ya kuonea, mzigo wa ushahidi humwangukia yeye mwenye nguvu. Hili ni jambo kubwa kwa maskini, ambaye mara nyingi hana shahidi illa machozi yake.

Lakini tusidanganyane. Riba kubwa peke yake haitoshi, wala shida peke yake haitoshi. Benki ikitaka riba kubwa kwa kuwa fedha ni haba sokoni, na mfanya biashara akakubali, hiyo ni biashara tu. Hata hii mikopo ambayo watu wa mjini wameiita "kausha damu" haitanguki kwa ubaya wa jina lake. Mwulizeni kwanza mkopeshaji kama ana leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka awe nayo.

Sasa habari ya kukawia. Uingereza palikuwa na bibi aitwaye Allcard, aliyejiunga na nyumba ya masista akampa mkuu wao mali yake nyingi. Mwaka 1879 akatoka, akakaa kimya hata 1885 ndipo akaidai. Mwaka 1887 majaji wa rufani walikiri kwamba mtu aliye chini ya amri ya mkuu wa dini namna ile hakuwa huru kutoa. Hata hivyo wawili kati ya watatu walimnyima, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwa huru na kupata mashauri, naye akanyamaza miaka. (Sisi tunaofundisha dini na tukisome kisa hiki mara mbili.)

Basi mama wetu asingoje. Kesho yake asubuhi na aende kwa mwenyekiti wa mtaa kueleza yaliyompata, kisha amwandikie mkopeshaji barua ya kuukataa mkataba, abaki na nakala. Watoao msaada wa kisheria kwa wasio na fedha wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na shauri la kiwanja hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama kiwanja kina nyumba ya ndoa, na aulizwe pia kama mumewe alikubali, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuiuza peke yake.

Wala asidhani ya kuwa deni limefutika. Atanguaye mkataba hurudisha alichopokea, na zile laki tatu bado ni za mkopeshaji.