Neno "shall" katika Maandishi ya Sheria na Sera: Amri, Tamko au Pambo?

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama ulivyotiwa saini mwaka 1999, ina vifungu viwili vilivyojengwa juu ya neno moja la Kiingereza, yaani "shall". Cha kwanza kinaitaja lugha rasmi kuwa ni Kiingereza; cha pili kinasema Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Msomaji wa haraka huyaona matumizi hayo kuwa na uzito sawa. Sivyo. Katika kifungu cha kwanza hakuna anayeamriwa. Hali inatamkwa, nayo ikawapo tangu Mkataba ulipoanza kutumika mwaka 2000. Katika cha pili kazi inadaiwa, lakini sentensi imo katika kauli ya kutendwa na mtenda hatajwi. Nani aendeleze? Kwa fedha ya nani, na hadi lini? Wanakiswahili tumeishi na pengo hilo la kisarufi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Matumizi sahihi, kwa maoni yetu, ni finyu: neno hilo lifuate kiima chenye uwezo wa kutenda, na lieleze wajibu tu. Jaribio lake ni kuweka "has a duty to" mahali pake. Waziri anaweza kuwa na wajibu wa kuchapisha ripoti; neno "Waziri" haliwezi kuwa na wajibu wa kumaanisha jambo fulani, kwa hiyo katika fasili "means" inatosha. Mwandishi mwenye mazoea ya Kiswahili hunaswa kwa urahisi hapa, kwa kuwa kiambishi -ta- katika "Waziri atateua" hubeba wakati ujao na amri kwa pamoja.

Athari zake si za darasani tu. Tarehe 11 Desemba 2012 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa ushauri kuhusu kanuni ya jinsia ya theluthi mbili katika Ibara ya 81(b) ya Katiba. Neno hilohilo limo katika ibara hiyo, lakini majaji walio wengi waliona kuwa kanuni ingetekelezwa hatua kwa hatua. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilichagua "must".

Nchini Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza kuwa jukumu lililotolewa kwa "shall" sharti litekelezwe. Marekebisho ya mwaka 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na hivyo mfasiri hukabiliwa na uamuzi huu katika kila kifungu. Penye wajibu, aandike "ni lazima ateue"; penye tamko, "ni" peke yake. "Atateua" ibaki kwa jambo ambalo kweli litatokea baadaye.