Ngoma kwa ajili ya mto Malagarasi: hela tukizipata tuzipeleke wapi?

Najua wengi mnasubiri ile makala ya viwavijeshi, itakuja. Leo naomba tuongelee ngoma.

Kikundi kimoja cha ngoma hapa Mabamba walinifuata ofisini. Wanataka kufanya tamasha la ngoma za asili, watu wachangie, na hela yote iende kuokoa mto. Nilidhani wamekuja kuniomba barua ya kupeleka kwa wafadhili. Kumbe hapana. Mzee wao akaniuliza, "Bwana shamba, sisi kupiga tunajua. Hela ikishapatikana tuifanyie nini?" Nikakosa jibu la haraka, maana jambo hili nimeshaliharibu mara moja mwenyewe.

Nianze na hiyo aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa siku ya kupanda miti kando ya kijito kimoja huku kwetu. Ngoma ilipigwa, pilau likapikwa, fulana zikachapishwa, picha zikapigwa. Michango karibu yote ikaishia siku ile ile. Kosa la kwanza la kitaalamu, tulipanda mwezi wa nne. Huku kwetu mvua zinaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na mwezi wa tano zimekata, kwa hiyo mche ukapata mwezi mmoja tu wa kushika mizizi kabla ya kiangazi. Mbuzi nao wakafanya yao. Ila miche mingi haikufa kwa jua wala kwa mbuzi. Niliporudi mwezi wa nane nikamkuta mama mmoja analima maharage pale pale. Nikamwamkia, nikamuuliza miti iko wapi. Akanijibu bila kuficha, "Niling'oa mimi mwanangu. Mmepanda miti kwenye ada ya shule ya wanangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Hapo ndipo penye shida yetu yote, jamani. Tusiipite haraka.

Malagarasi unaanzia kwenye miinuko hii ya mpakani, unatenganisha Tanzania na Burundi kwa kipande kirefu, halafu unageuka kuingia kwetu, unapita kwenye madimbwi na mabwawa makubwa ya Muyovozi, unarudi magharibi kupitia Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Safari ya kilomita kama 475. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuandikishwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar, mwaka 2000. Kwa hiyo tope linalotoka kwenye shamba la bondeni hapa kwetu haliishii hapa kwetu. Linafuata maji mpaka kwa wavuvi wa chini.

Sheria iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mkutano wa kijiji tunaitaja hiyo 60. Sasa chukua kamba upime. Shamba lenye upana wa mita 70 ubavuni mwa mto, ukiondoa mita 60 kwenda juu, umeondoa mita za mraba 4,200. Hiyo ni zaidi ya ekari moja. Na si ekari ya kawaida. Ni ile yenye unyevu mwezi wa saba, inayotoa maharage wakati huko juu ardhi imekauka kama tofali. Mwenye nacho ataiacha. Yule mama ataiachaje?

Basi nikaanza kutafuta kama kuna mahali muziki umewahi kusaidia mto kweli kweli. Upo mfano wa Marekani. Mwanamuziki Pete Seeger, mtu wa nyimbo za kiasili na banjo, alikuwa anaishi kando ya mto Hudson, jimbo la New York. Miaka ya 1960 mto ule ulikuwa umejaa maji taka ya miji na uchafu wa viwanda. Yeye na wenzake wakaunda chama mwaka 1966, wakawa wanafanya maonyesho ya muziki na kukusanya michango ya watu. Unajua walinunua nini? Mashua! Wakaunda jahazi la tanga la mita kama 32, mfano wa yale yaliyokuwa yakibeba mizigo kwenye mto huo zamani, wakaliita Clearwater, likashushwa majini mwaka 1969. Wapo walioona ni upuuzi, mto unanuka wewe unaunda mashua. Lakini jahazi likabaki mtoni. Wanafunzi wakapandishwa, wakavuta wavu, wakaona samaki waliobaki, wakapima maji kwa mikono yao. Mwaka 1972 Marekani ikapata sheria kali ya maji safi, na watu wa Clearwater walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiipigia kelele. Seeger alifariki mwaka 2014, jahazi bado lipo.

Mimi nimejifunza kitu kimoja hapo. Hela ya muziki ilinunua kitu kilichobaki mtoni muziki ulipokwisha. Mimi nilinunua pilau.

Karibu na kwetu upo mfano wa Nile Project, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Mina Girgis wa Misri na Meklit Hadero mwenye asili ya Ethiopia. Waliwakutanisha wanamuziki wa nchi za bonde la Nile, nchi ambazo serikali zao zinavutana kuhusu maji, wakatunga pamoja. Mwanzoni mwa 2013 walikutana Aswan, Misri. Jirani zetu nao waliwahi kuwemo kwenye mradi huo: Steven Sogo wa Burundi na umuduri wake, Sophie Nzayisenga wa Rwanda na inanga. Ukivuka mpaka ukapanda milima ya Burundi utafika mahali ambapo mvua ya upande mmoja inaenda Ruvubu, Kagera mpaka Nile, na ya upande mwingine inakuja Malagarasi na Tanganyika. Kwa hiyo mambo ya Nile hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Na kule Mara, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba kwa kupokezana, burudani za asili zikiwemo. Sisi na Burundi tunagawana mto vile vile.

Hilo la Burundi kikundi walishaliwaza, wanatamani kualika wapiga ngoma kutoka ng'ambo. Ni wazo zuri, ngoma ile ya kifalme iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Ila tahadhari: tangu 2017 serikali ya Burundi inataka vikundi viwe na kibali, na wanawake wamekatazwa kuipiga. Anzeni mapema, msije mkatangaza wageni ambao hawawezi kuvuka. Kwa upande wetu, afisa utamaduni wa wilaya aonwe kabla tangazo halijabandikwa.

Sasa turudi kwenye hela. Ushauri wangu, na anayebisha abishe: tamasha liwe mwezi wa nane, watu wakiwa wameuza mazao, na siku hiyo usipandwe mti hata mmoja. Kiingilio kiwe hela kidogo, au viriba vitano vilivyojazwa udongo wa msituni na samadi, tayari kwa kitalu. Miche ipandwe mvua zikishakolea mwezi wa kumi na moja, na wanaopanda wawe wenye mashamba wenyewe.

Miche gani? Ukingoni kabisa wekeni miti ya asili ya majini, mikuyu na mizambarau mwitu, na mianzi. Mkaratusi usikaribie maji, hata kama miche yake inagawiwa bure. Unakua haraka kwa sababu unakunywa sana. Juu kidogo, mabingobingo kwa mistari inayokata mteremko. Yanazuia udongo, na baada ya miezi mitatu au minne unaanza kukata lishe ya ng'ombe au mbuzi. Acha kisiki cha sentimita kama 10 yachipue tena.

Lakini fungu kubwa la hela lisiende kwenye miche. Nusu, ikiwezekana zaidi, iende kwa wale wanaoachia mita 60. Bustani inaweza kuhamia juu ya mstari ikapata maji kwa pampu ya kukanyaga, ambayo haihitaji mafuta na watu wanne wanaweza kuitumia kwa zamu. Mizinga ya nyuki pia inafaa huku kwetu, ila asali haitoki mwaka wa kwanza, tusidanganyane. Kuhusu kibali cha kutumia maji, na nini hasa kinaruhusiwa ndani ya zile 60, muulizeni afisa mazingira wa wilaya na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Fungu linalobaki limlipe mtu wa kufukuza mbuzi na kulinda moto, kiangazi cha kwanza na cha pili. Fulana hapana.

Niliwapelekea kikundi maneno haya, wakataka kwanza tumsikie yule mama. Tukaenda kwake jioni, mimi na mzee wao na vijana wawili. Alitusikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage. Akasema miti ataipokea, hata mabingobingo, kwa sababu ana mbuzi wawili. Ila pampu aione kwanza, ifungwe, imwagilie maharage yake msimu mmoja mzima, ndipo aachie ukingo. Vijana wakaanza kulalamika kwamba hiyo inachelewesha tamasha mwaka mzima.

Mzee akawaambia wanyamaze. Akamuuliza yule mama, "Kwani wewe ulikuwa unaimba kikundi gani?"

Pampu ya kwanza tumeanza kuichangia wenyewe, hata kabla ya ngoma. Bei ikinifikia nitaiandika hapa.