Transfoma ya Genkuru Inabeba Ampea Ngapi?

Likizo iliyopita nilikwenda kwetu Genkuru, na siku ya pili tu baba mdogo aliniita uani. Anayo mashine moja ya kusaga, naye alitaka kukopa fedha anunue ya pili. Akaniuliza, "Mura, wewe unasoma Fizikia. Ile transfoma itabeba mashine mbili?"

Nilikwenda nikaitazama kutoka chini (kuipanda nguzo ni kazi ya fundi wa TANESCO peke yake) nikasoma kibao chake: kVA 50, volti 400. Nikarudi mbio, nikagawanya 50,000 kwa 230, nikapata ampea 217. Nikamwambia baba mdogo kwamba hata mashine tano zitakaa. Aliniamini, nami usiku ule nilianza kutilia shaka hesabu yangu. Bahati njema sikungoja mpaka shule ifunguliwe, nikamwandikia mwalimu wangu kwa simu. Jibu lilikuwa fupi: "Nyaya za moto ziko ngapi?"

Ziko tatu. Yale 217 ni jumla ya nyaya zote, nami nilidhani kila waya mmoja unayabeba. Ukiyagawanya kwa 3, kila fezi inapata ampea 72 tu, wala si zaidi.

Kuna njia ya pili ya kufika hapo, ndiyo ile ya vitabuni. Zidisha volti 400 kwa 1.73, upate 692; kisha gawanya 50,000 kwa hizo, unapata 72 ile ile. Wenzangu wengi huikariri hiyo 1.73 bila kujua imetoka wapi. Nawaomba mwafikirie wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Michi yao haishuki pamoja. Kila mmoja hufuata mwenziwe kwa zamu. Fezi tatu nazo hupanda na kushuka kwa zamu, mara 50 kila sekunde. Kwa sababu hiyo ukipima kati ya fezi mbili hupati 230 mara mbili, yaani 460, bali 230 mara 1.73, ambazo ni karibu 400. Hiyo 1.73 ni kipeuo cha pili cha 3.

Huenda mtu akauliza mbona kibao hakikuandikwa kilowati. Kinachoiunguza transfoma ni joto la nyaya zilizozungushwa ndani yake, na joto hilo hufuata ampea, iwe umeme ule umefanya kazi yote au sehemu tu. Tena joto haliongezeki sawasawa na ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne.

Sasa turudi kwenye mashine. Mota ya baba mdogo ni ya kilowati 15. Mota haigeuzi umeme wote kuwa kazi, basi nilitumia makadirio ya kawaida, 0.85 na 0.9. Nikagawanya 15,000 kwa 692, kisha kwa 0.85, kisha kwa 0.9, nikapata karibu ampea 28 kwa kila fezi. Nyumba zinazotegemea transfoma ile nilizihesabu 60. Nikikisia ampea 2 kwa nyumba wakati wa jioni, ni 120. Zikigawanywa vizuri, ni 40 kwa kila fezi. Jumla 68. Ya pili ikiongezwa tunafika 96, na joto linakaribia mara 1.8 ya lile lililokusudiwa. Mafuta yangepata joto kupita kiasi, na huenda kijiji chote kingelala gizani kwa ajili ya jamaa yetu mmoja!

Nilimwendea baba mdogo kwa aibu, nikamwonyesha hesabu zote mbili, ya uongo na ya kweli. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini mura, mimi nasaga mchana. Hizo taa za watu zinawaka mchana?"

Sikuwa nimelifikiri hilo. Mchana, kwa makisio yangu, nyumba hazizidi ampea 10 kwa fezi. Mashine mbili ni 56, jumla 66, chini ya 72. Hata hivyo nilimwonya juu ya kuwasha. Mota ikianza ghafla huweza kuvuta ampea mara sita, yaani karibu 170, kwa sekunde chache. Asiwashe mbili pamoja, na atumie swichi ya nyota na delta, ambayo hupunguza mvuto huo hadi theluthi.

Tulikubaliana kwamba hatakopa hata senti kabla hajaomba kibali, na fundi apime kila fezi, kwani hesabu yangu inadhani nyumba zimegawanywa sawa, na huenda hazikugawanywa hivyo. Nilipoondoka barua ilikuwa imekwisha andikwa. Mama mdogo yeye alikuwa na swali lake: wakati wa mavuno, watu wakipanga foleni mpaka usiku, nani atakayezima mashine saa kumi na mbili?