Gari Kuukuu la Dizeli na Bei ya Mafuta

Mwaka 1897, mjini Augsburg, Ujerumani, Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini isiyohitaji cheche. Katika injini za namna hiyo, pistoni huigandamiza hewa hata ikapata joto lipitalo nyuzi 500 za Sentigredi. Kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Uzima wa injini, basi, umo katika mgandamizo.

Gari lililokwisha kwenda kilometa 400,000 huanza kupungukiwa na nguvu hiyo. Ringi zilizolika huvujisha hewa, na nozeli chakavu hudondosha mafuta badala ya kuyatoa kama ukungu. Moshi hueleza kasoro. Mweusi waonyesha kuwa dizeli imeizidi hewa, huenda kwa sababu chujio limeziba. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe, injini iwapo baridi, ni dizeli isiyowaka.

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kasoro hizo zilizidi kuwa ghali. Je, gari litengenezwe au liuzwe? Hesabu hujibu. Tuseme gari lililotumia lita 10 kwa kilometa 100 sasa latumia 12. Likienda kilometa 1,500 kwa mwezi, lita 30 hupotea bure. Zidisha kwa bei ya lita moja, kisha linganisha na gharama ya nozeli na chujio. Lakini ringi zikiwa zimekwisha, nozeli mpya hazitafaa kitu. Injini sharti ifunguliwe.