Dhima ya Vichoro vya Awali katika Uchoraji

Aghalabu mtazamaji huvutiwa na picha iliyokamilika asijue yaliyoitangulia. Mji wa Guernica, Uhispania, uliposhambuliwa kwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937, mchoraji Pablo Picasso hakuliendea turubai moja kwa moja. Tarehe 1 Mei alianza kwa vichoro vidogo vya penseli, ambamo tayari mna fahali, farasi na mwanamke mwenye taa. Katika kimojawapo, farasi mdogo mwenye mbawa anatoka kwenye jeraha la farasi mkubwa. Wazo hilo halimo katika picha ya mwisho, yenye upana wa karibu mita 8. Hivyo basi, kichoro ni uwanja wa kulijaribu wazo na kulikataa bila hasara, kama ilivyo rasimu kwa mwandishi. Asiyekubali kufuta hana budi kuridhika na wazo lake la kwanza.