Malipo ya Ukame kwa Wafugaji wa Kenya

Fedha ambazo serikali humpa mfugaji wakati wa ukame hazikusudiwi kumpa pole kwa ng'ombe aliyekwisha kufa. Zimekusudiwa kumnusuru ng'ombe ambaye bado amesimama. Tofauti hiyo ni ya majuma machache tu, lakini ndani ya majuma hayo ndipo mfugaji anapoamua kubaki kwake au kuhama na mifugo, pengine na bunduki begani, kwenda penye malisho ya mwingine. Hapo jambo huwa limeshatoka mikononi mwa bwana mifugo na kuingia mikononi mwa askari.

Nchi jirani ya Kenya ilianza mwaka 2015 mpango wa bima ya mifugo katika kaunti za Turkana na Wajir, kisha ikaueneza hadi kaunti nane, zikiwamo Marsabit, Mandera na Garissa. Serikali ililipa ada yote kwa ng'ombe watano wa kila kaya iliyoandikishwa, au mbuzi hamsini, kwani katika hesabu hiyo mbuzi kumi ni sawa na ng'ombe mmoja. Hakutumwa karani kuhesabu mizoga. Setilaiti zilipima ukijani wa malisho kutoka angani, na ukijani uliposhuka chini ya kiwango, wenye bima wa eneo hilo walilipwa kabla mifugo haijafa. Kasoro haikosekani: setilaiti huona kijani, haijui kama kijani hicho huliwa na ng'ombe.

Tarehe 10 Februari 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mwezi huo huo kaya zaidi ya 12,000 zililipwa jumla ya shilingi za Kenya zaidi ya milioni 200, yaani wastani wa kiasi cha 17,000 kwa kaya. Fedha hizo hazinunui ng'ombe. Hununua nyasi kavu, maji na dawa, na ndivyo ilivyotakiwa.

Hata hivyo, kaya 12,000 ni chache mno kwa nchi kame yenye ukubwa ule. Laikipia haikuwamo katika kaunti zile nane. Mwanzoni mwa mwaka huo wafugaji wenye silaha waliingiza makundi ya ng'ombe katika ranchi za huko, watu wakauawa, na mwezi Machi jeshi likapelekwa kuwasaidia polisi. Ukame haukuwa sababu pekee. Ugomvi wa ardhi na siasa za uchaguzi navyo vilichochea. Kajiado, inayopakana na Tanzania, nayo haikuwamo. Mwezi Oktoba ng'ombe 1,325 waliovuka mpaka kutoka Kenya walikamatwa hapa nchini na kuuzwa kwa mnada, jambo lililozua manung'uniko ya kidiplomasia.

Njia nyingine ni kununua mifugo mapema. Katika ukame uliotangazwa kuwa janga Septemba 2021, kazi hiyo ilipewa Tume ya Nyama ya Kenya, ambayo mwaka 2020 serikali ilikuwa imeamuru iwekwe chini ya Wizara ya Ulinzi. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Katika mpango mpya wa bima ulioanza mwaka 2022, mfugaji mwenyewe hutakiwa kuchangia sehemu ya ada.